Dola 455 kutoka Kigali hadi Brussels

Kutoka Rebero, kilima kilicho kusini mwa Kigali, unaona mambo mawili kwa mtazamo mmoja. La kwanza ni kuba la Kigali Convention Centre, ambalo giza likiingia huwashwa taa za rangi. La pili, ukigeuza shingo kidogo kuelekea mashariki, ni uwanja wa ndege wa Kanombe. Hapo mjini, tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalipitisha Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yanayohusu gesi za majokofu na viyoyozi. Siku tisa kabla yake, tarehe 6 Oktoba, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilikuwa limepitisha huko Montreal kwenyewe mpango wa kufidia hewa ukaa ya ndege za kimataifa. Mpango huo huitwa CORSIA.

Mikataba hiyo miwili ilizaliwa mwezi mmoja lakini haifanani. Ule wa Kigali unataka gesi zenyewe zipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 80 katika miaka 30 hivi. CORSIA haimlazimishi mwenye ndege kupunguza hata lita moja ya mafuta. Inaweka mstari, kisha inamtaka alipie sehemu inayovuka mstari huo kwa kununua hati za kaboni. Hati moja ya kaboni ni cheti kinachodai kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiwa au imeondolewa mahali pengine: kwenye msitu usiokatwa, au kwenye jiko linalokula kuni chache. Malipo hayo ni kiasi gani kwa ndege moja inayopaa Kanombe?

Nimechukua safari ya Kigali hadi Brussels, ambayo kwa mstari mfupi kabisa ni takriban kilomita 6,360. Ndege ni Airbus A330, aina iliyozoeleka kwenye safari za masafa kama haya. Nakadiria itachoma tani 48 za mafuta na kubeba abiria 200. Kanuni za ICAO zinahesabu kwamba kila kilo ya mafuta ya ndege hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Tani 48 mara 3.16 ni tani 151.68. Kila abiria anabeba tani 0.76, yaani kilo 758, kwa kwenda tu.

Makadirio hayo yana udhaifu ambao ni vizuri kuusema mapema. Anga ya Sudan imekuwa imefungwa kwa sehemu kubwa tangu vita vianze Aprili 2023, na mstari mfupi kutoka Kigali kwenda Ulaya unapita huko huko. Rubani anazunguka. Saa moja ya ziada kwa ndege ya aina hii ni kama tani 6 za mafuta, sawa na tani 19 za hewa ukaa. CORSIA huhesabu mafuta yaliyochomwa kweli, haiulizi kwa nini yamechomwa. Nitabaki na tani 48 ili hesabu ifuatike, msomaji akikumbuka kwamba nimependelea upande wa chini.

Sasa sehemu ya kulipiwa. Tangu 2024 hadi 2035 mstari umewekwa kwenye asilimia 85 ya uchafuzi wa mwaka 2019. Kila mwaka ICAO hujumlisha uchafuzi wa njia zote zilizomo kwenye mpango, hutoa kiwango hicho cha msingi, kisha hugawa ziada kwa jumla ya mwaka. Jibu huitwa kigezo cha ukuaji wa sekta, na kila shirika la ndege huzidisha uchafuzi wake kwa kigezo hicho hicho. Kama uchafuzi wa 2019 ulikuwa 100 na wa mwaka huu umerudi pale pale kwenye 100, ziada ni 15, na 15 kwa 100 ni asilimia 15. Nitatumia asilimia 15.

Asilimia 15 ya tani 151.68 ni tani 22.75. Bei ya hati zinazokubalika ndiyo namba inayoyumba kuliko zote. Katika ununuzi wa kwanza ulioratibiwa na chama cha mashirika ya ndege, IATA, mwishoni mwa 2024, bei ilikuwa dola 21.70 kwa tani. Nachukua dola 20 ili kurahisisha. Tani 22.75 mara dola 20 ni dola 455. Kwa kiwango cha faranga 1,450 kwa dola, hiyo ni takriban faranga 660,000 za Rwanda kwa ndege nzima. Gawanya kwa abiria 200: dola 2.28 kwa kila mmoja. Kwa viwango vya kukadiria ni faranga 3,300, au shilingi 293 za Kenya, au shilingi 5,700 za Tanzania.

Tuziweke namba hizo karibu na nyingine zinazojulikana Rwanda. Kibali cha kuwatazama sokwe wa Hifadhi ya Taifa ya Volkano kwa mgeni wa nje ni dola 1,500 tangu Mei 2017. Dola 455 ni asilimia 30 ya kibali kimoja. Watalii 200 wakishuka Kanombe kutoka Brussels, fidia ya hewa ukaa ya wote kwa safari hiyo haifikii theluthi ya kile ambacho mmoja wao atalipa kukaa na sokwe kwa saa moja.

Kwa shirika la ndege, kipimo kinachofaa zaidi ni mafuta. Kigali haina bandari. Mafuta hufika kwa malori kutoka Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo tuseme tani moja inagharimu dola 1,000 mpaka iingie kwenye tangi. Tani 48 ni dola 48,000, na dola 455 ni asilimia 0.95 ya hizo. Bei ya mafuta ikipanda kwa asilimia moja, jambo linaloweza kutokea Jumanne na kusahaulika Alhamisi, athari yake kwenye vitabu ni kubwa kuliko CORSIA nzima. Mhasibu hatabadilisha aina ya ndege kwa sababu ya asilimia 0.95.

Kwa mwaka, tuseme kuna safari tatu za kwenda na kurudi kila wiki. Hizo ni safari 312, tani 47,324 za hewa ukaa. Asilimia 15 ni tani 7,099, na kwa dola 20 bili ni dola 141,970, sawa na faranga milioni 206. Kwa miaka mitatu ya awamu ya kwanza, 2024 hadi 2026, ni dola 425,900, au faranga milioni 618. Fedha hizo hazitakiwi kila mwezi wala kila mwaka. Hati za awamu yote zinafungwa mara moja, mwisho 31 Januari 2028. Mwenye nyumba wa Kicukiro, hapa Kigali, hampi mpangaji wake muda wa aina hiyo.

Rwanda haikulazimika kuwemo. Hadi mwisho wa 2026 kila nchi inaingia kwa hiari, na hata ulazima utakapoanza 2027 utaziacha nchi zenye maendeleo duni zaidi, nchi zisizo na bahari, visiwa vidogo vinavyoendelea, na zile ambazo sehemu yake ya usafiri wa anga wa kimataifa mwaka 2018 ilikuwa chini ya asilimia 0.5. Rwanda ina sababu tatu kati ya hizo nne. Hata hivyo ilijiandikisha tangu mwanzo, Januari 2021, pamoja na Kenya na Uganda, zikiwa kati ya nchi 88 za kwanza. Kufikia 2024 nchi zilikuwa 126.

Hiari hiyo ina matokeo kwenye ramani, kwa sababu njia huhesabiwa tu pale nchi zote mbili, inakotoka ndege na inakotua, zikiwemo. Kigali hadi Brussels imo. Kigali hadi Nairobi imo. Nairobi hadi Mumbai haimo mpaka 2027, kwa kuwa India ilichagua kusubiri ulazima. Nairobi hadi Guangzhou vilevile. China nayo ilisubiri. Ndege ya Nairobi kwenda Mumbai, kilomita 4,500 hivi, bili yake ya CORSIA mwaka 2025 ilikuwa dola sifuri. Sifuri hiyo ni ya kila shirika linalopita njia hiyo, kwa hiyo hakuna anayempiku mwenzake kwenye njia moja. Nchi maskini iliyojitolea ndiyo ambayo njia zake zinatozwa, na nchi kubwa iliyokaa pembeni njia zake ni bure.

Misamaha mingine ni ya kawaida na haikeri sana. Shirika linalotoa chini ya tani 10,000 kwa mwaka kwenye safari za kimataifa halimo. Tani 10,000 ni safari 66 za Kigali hadi Brussels, kwa hiyo ndege moja kubwa inayokwenda na kurudi kila wiki inavuka kizingiti hicho kabla ya Septemba. Ndege ndogo zenye uzito wa kupaa chini ya kilo 5,700, safari za misaada ya kibinadamu, za wagonjwa na za kuzima moto nazo zimeachwa.

Sifuri kubwa zaidi iko kwingine. Awamu ya majaribio, 2021 hadi 2023, ilimalizika bila shirika lolote duniani kudaiwa hata hati moja. Makubaliano ya 2016 yalisema kiwango cha msingi kitakuwa wastani wa 2019 na 2020. Korona ikafunga viwanja. Tuseme kwa mfano kwamba uchafuzi wa 2020 ulishuka hadi 40 kwa kila 100 ya 2019: wastani ungekuwa 70, na mwaka ambao uchafuzi ungefika 90, ziada ingekuwa 20, kigezo asilimia 22. Juni 2020 Baraza la ICAO liliamua kutumia 2019 peke yake. Mstari ukapanda kutoka 70 hadi 100. Tisini iko chini ya mia, ziada hakuna, kigezo sifuri. Sababu iliyotolewa, kwamba haikuwa haki kuyapima mashirika kwa mwaka wa maradhi, inaeleweka. Lakini Mkutano Mkuu wa ICAO wa 2022 ulipoweka mstari kwenye 85, ulianzia 2024, na mashirika yakawa yamepata miaka mitatu ya kutolipa.

Mkutano huo wa 2022 ulibadilisha kitu kingine ambacho hakikuandikwa sana magazetini, nacho kwa mashirika ya Afrika Mashariki ni kikubwa kuliko bei. Mpango wa 2016 ulisema kwamba miaka ya 2033 hadi 2035, walau asilimia 70 ya deni la shirika litapimwa kwa ukuaji wa shirika lenyewe, siyo wa sekta. Sasa ni asilimia 15. Tuchukue shirika changa ambalo uchafuzi wake umepanda mara mbili tangu 2019, kutoka 100 hadi 200. Msingi wake ni 85, ziada ni 115, na 115 kwa 200 ni asilimia 57.5. Sekta tuiache kwenye asilimia 15, ingawa kufikia 2033 huenda itakuwa juu zaidi. Kwa kanuni ya zamani: asilimia 30 ya 15 ni 4.5, asilimia 70 ya 57.5 ni 40.25, jumla asilimia 44.75. Kwa kanuni mpya: asilimia 85 ya 15 ni 12.75, asilimia 15 ya 57.5 ni 8.6, jumla asilimia 21.4. Deni limekatwa zaidi ya nusu.

Anayefaidika hapo ni nani? Shirika linalokua, na Rwanda inakusudia kukua: uwanja mpya wa Bugesera ulipangwa kuhudumia abiria milioni 7 kwa mwaka katika hatua ya kwanza na milioni 14 baadaye, na Qatar Airways ilikubali Desemba 2019 kuchukua hisa za asilimia 60. Anayebeba ile tofauti ni shirika la zamani la nchi tajiri ambalo halijaongeza safari, lakini sehemu kubwa ya deni lake bado inapimwa kwa ukuaji wa sekta. Kwa mara moja, kanuni imemwelemea mkubwa. Hewa ukaa ya yule anayekua inabaki ilivyokuwa.

Mpaka hapa nimehesabu kana kwamba hati moja ni tani moja. Sharti hilo lina matatizo yake, na huonekana vizuri zaidi jikoni kuliko Montreal. Katika nyumba moja ya hapa Rebero ninayopita mara kwa mara kuna majiko matatu. Imbabura ya makaa iko uani, imeungua pembe, ndiyo inayopika maharage kwa sababu maharage yanataka saa nyingi na gesi ni ghali. Mtungi wa gesi uko ndani, kwa chai na mayai. Jiko banifu, lililogawiwa kwa bei ya chini, liko chini ya meza likiwa na jivu kidogo. Hutumika mvua ikinyesha. Mradi wa kaboni unaohesabu kwamba jiko banifu limechukua nafasi ya imbabura kila siku utaandika akiba ambayo nyumba hii haiioni.

Hilo limepimwa. Januari 2024 jarida la Nature Sustainability lilichapisha utafiti wa Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioangalia miradi ya majiko kwenye soko la hiari la hati za kaboni. Waligundua kuwa sampuli yao ilikuwa imepewa hati mara 9.2 zaidi ya ilizostahili. Sababu zilikuwa makadirio ya kuni zinazookolewa, ya mara ngapi jiko jipya hutumika, na ya kiasi gani cha kuni hutoka kwenye misitu isiyorudi.

Tugawe basi. Tani 22.75 kwa 9.2 ni tani 2.47. Kama hati zote za ndege yetu zingekuwa za majiko ya kiwango hicho, kati ya tani 151.68 zilizopanda angani zingefidiwa 2.47, yaani asilimia 1.6. Na bei ya tani ya kweli ingekuwa dola 184, siyo 20. Hii ndiyo hali mbaya kabisa, na ni lazima kusema kwamba ICAO imekataa baadhi ya mbinu za kuhesabu majiko zilizokuwa zikipita kwenye soko la hiari. Chujio lipo. Kwa mfano, mradi wa msitu wa Kasigau huko Taita-Taveta, Kenya, ulioanza kutoa hati mwaka 2011, hauwezi kuuza CORSIA, kwani miradi inayokubalika ni ile ambayo kipindi chake cha kwanza cha kuhesabu kilianza 2016 au baadaye. Lakini tarehe ya kuanza haimwambii mnunuzi kama maharage yamepikwa kwenye imbabura.

Kuna chujio la pili, nalo lina gharama kwa nchi inayouza. Hati ya CORSIA ya tangu 2021 inahitaji barua ya idhini ya serikali, ikiahidi kwamba tani hiyo haitahesabiwa tena kwenye lengo la nchi yenyewe. Rwanda iliahidi mwaka 2020 kupunguza asilimia 38 ya uchafuzi unaotarajiwa 2030, sawa na tani milioni 4.6: asilimia 16 kwa uwezo wake na 22 kwa msaada wa nje. Tani 7,099 za njia yetu moja ni asilimia 0.15 ya ahadi hiyo, kiasi kisichoumiza. Lakini wanunuzi ni dunia nzima. Uchafuzi wa safari za kimataifa mwaka 2019 ulikuwa takriban tani milioni 600. Tuchukulie nusu tu iko kwenye njia zinazohesabiwa: asilimia 15 ya milioni 300 ni milioni 45 kwa mwaka, karibu mara kumi ya ahadi yote ya Rwanda. Nchi ikiuza kwanza tani zake za bei nafuu kwa dola 20, zinazobaki kwa ajili ya ahadi yake ni zile ngumu. Wizara ingefanya vizuri kuchapisha bei ya tani yake ya mwisho kabla ya kutia saini barua.

Ulaya ina njia nyingine, nayo ni biashara ya vibali vya uchafuzi: serikali inaweka ukomo, inauza vibali, na kila tani inayotolewa inahitaji kibali kimoja, siyo ziada peke yake. Ndege ziliingizwa humo mwaka 2012. China, India, Marekani na Urusi zilipinga, na Novemba mwaka huo Ulaya ikatangaza kusimamisha sheria kwa safari za nje. Mpaka sasa Brussels hadi Athens inalipa, Brussels hadi Kigali hailipi. Vibali vya bure kwa mashirika vilipunguzwa kwa robo mwaka 2024, nusu mwaka 2025, na kuondolewa kabisa 2026.

Tuseme kibali ni dola 80, na safari ya kurudi Kigali iwekwe humo yote. Tani 151.68 mara 80 ni dola 12,134, mara 27 ya zile dola 455. Kwa abiria ni dola 60.70, takriban faranga 88,000. Kwa tiketi ya dola 900 ya kwenda na kurudi, CORSIA pande zote mbili ni asilimia 0.5, kibali cha Ulaya kwa upande mmoja peke yake ni asilimia 6.7. Namba ya pili ndiyo inayoweza kumfanya mtu aghairi safari, au shirika linunue ndege mpya. Ni namba hiyo hiyo inayoweza kuifanya njia ya Kigali isilipe. Mifumo yote miwili, kwa bahati mbaya, inatoza hewa ukaa peke yake, wakati utafiti wa David Lee na wenzake wa 2021 ulikadiria kuwa karibu theluthi mbili za joto linaloletwa na ndege hutokana na mambo mengine, hasa mistari ya mawingu inayobaki nyuma ya ndege angani.

Sheria ya Ulaya iliipa Tume yake hadi 1 Julai 2026 kupima kama CORSIA inatosha. Ikionekana haitoshi, sheria hiyo inaruhusu pendekezo la kuzitoza safari zote zinazoondoka Ulaya kuanzia 2027, na Brussels hadi Kigali ni mojawapo. Upande wa Kanombe hakuna kinachobadilika: ndege iliyopaa Januari 2024 italipiwa mwisho wake 31 Januari 2028, kwa bei itakayokuwapo siku hati zitakaponunuliwa.